Mtani Katika Saa ya Rutuba

Kicheko ndicho kilichotangulia. Kilitoka nyuma ya mlango wa chumba cha mwisho, kikapita korido nzima ya kituo, kikanikuta ngazini nikipanga vina kichwani. Kilikuwa kicheko cha mwanamke, kizito, chenye mikwaruzo, kama dirisha lililoshikwa na kutu linapolazimishwa kufunguka. Nikasimama. Chumba kile kilikuwa cha Mama Kikoti, na Mama Kikoti hakuwa amecheka tangu kiharusi kilipomwangusha shambani kwake Kilolo.

Kisha nikasikia sauti ya mwanamume. Hapo nikaanza kukimbia.

Juu ya mlango taa ya kijani ilikuwa imewaka. Maana yake muuguzi alikwisha kumpulizia dawa puani, na saa ya rutuba ilikuwa imeanza. Katika saa hiyo mtu mmoja tu huruhusiwa kuingia kwa mgonjwa, yaani mkariri wake, anayemwimbia beti za maisha yake ili zimrudie, na mkariri wa Mama Kikoti nilikuwa mimi. Chini ya taa kuna kibao ambacho kila mtu wa mtaa wetu wa Gangilonga anakijua: HUMU HUSEMWA KWELI TU.

Kibao hicho hakikuwekwa kwa mapambo. Siku za mwanzo za kituo, mwalimu mmoja mstaafu alipewa dawa huku redio imesahauliwa dirishani. Alipona, lakini hadi leo ukimuuliza jina la mkewe hukuimbia kwanza tangazo la sabuni.

Nilisukuma mlango. Mama Kikoti alikuwa ameketi kitandani, kofia ya waya kichwani, machozi ya kicheko yakimtiririka. Mbele yake mzee mnene mwenye mvi alikuwa anatembea kwa kuchechemea akimwigiza mtu mlevi, mkononi ameshika kibuyu cha ulanzi. Harufu ya ile pombe ya mianzi ilikuwa imejaa chumba kizima.

Mama Kikoti akanigeukia. Kwa miezi yote niliyomkariria, hakuwahi kuunganisha maneno zaidi ya mawili. Sasa alinitazama usoni, akasema bila kukwama, "Kamwene, Vitus. Ingia, usimwogope. Huyu ni mume wangu."

Furaha yangu haikudumu. Mume wake, Severini Kikoti, alikuwa kaburini kwa miaka mingi. Na huyu mzee mwenye kibuyu nilimfahamu. Alikuwa Kanisius Komba, fundi cherehani wa Mlandege, Mngoni. Alikuwa mtani wake.

*

Nilimtoa Mzee Komba nje kwa adabu, ingawa nilikuwa nimewaka hasira. Aliponieleza yaliyotokea nilishindwa hata nimlaumu nani.

Alikuwa amesikia kwamba Mama Kikoti anaumwa, akaja kumwona, kama mtani anavyopaswa. Muuguzi wa mlangoni akamuuliza yeye ni nani wa mgonjwa. Akajibu kwamba ni mume wake, na amekuja kumchukua akampikie. Muuguzi ni Mhehe kama mimi. Alicheka, akampisha. Kwetu, Mngoni akija kwa mgonjwa wa Kihehe akajiita mume, hakuna anayemwomba ushahidi wala anayemfungia mlango. Vita vya mababu viliisha, ukabaki utani, na utani una ruhusa ya kuingia mpaka msibani. Yule dada aliona taa, aliona kibao, na bado haikumjia akilini kwamba utani ni uongo. Hata mimi haingenijia.

Basi akaingia. Akamwambia Mama Kikoti: mke wangu, unajilaza tu hapa, nani anipikie? Akamtukania ukoo mzima. Akawataja watoto wake mmoja mmoja na kumpa kila mmoja kasoro yake, huyu mchoyo, yule ana miguu ya korongo, na Generosa hajui kusonga ugali. Akamnusisha ulanzi. Akacheza lizombe, ngoma ya kwao, katikati ya chumba mpaka vyombo vya mezani vikagongana.

"Nilikuja kumtania tu, mwanangu," aliniambia, kofia yake ameikunja mkononi. "Sikujua kwamba mmemfungua kichwa."

*

Kesho yake Dokta Shemweta alitukalisha mimi na Generosa mbele ya kioo cha kompyuta yake. Generosa, binti mkubwa wa Mama Kikoti, alikuwa amefika na basi la asubuhi kutoka Makambako na bado alikuwa na vumbi kwenye viatu.

Kwenye kioo kulikuwa na ubongo wa mama yake uliochorwa kwa mistari myembamba. Sehemu ya pembeni, ile iliyoharibiwa na kiharusi, niliizoea ikiwa na weusi wa shamba lililochomwa. Sasa ilijaa vitone vya kijani.

Daktari alimweleza Generosa taratibu, naye alieleza vizuri. Dawa yetu ni protini ambayo ubongo wa kila mtu huitengeneza wenyewe, nyingi utotoni, kidogo uzeeni. Huongezeka mtu akikimbia, akicheza ngoma, akicheka. Kazi yake ni kuzizuia seli za neva zisife na kuzifanya zitoe matawi. Matawi yakishikana na ya jirani, mahali pale pa kushikana ndipo kumbukumbu inapokaa. Wataalamu wana jina lao refu. Iringa nzima inaiita mbolea.

"Na mbolea haichagui," alisema. "Inakuza mahindi na inakuza magugu. Jana mama yako alipata mbolea yetu kutoka nje, na kicheko kikamwongezea ya kwake kutoka ndani. Sijawahi kuona shamba likiota namna hii."

Generosa aliuliza kama ule uongo unaweza kung'olewa. Daktari akasema ndiyo. Iko dawa ya kupalilia. Inavunja viungio vyote vichanga, vile ambavyo mgonjwa hajavilalia usingizi wa pili. Mama yake alikuwa amevilalia mmoja. Kwa hiyo uamuzi ulipaswa kufanywa kabla hajalala tena. Lakini dawa ile nayo haichagui. Ingeondoa mume wa uongo, na pamoja naye ingeondoa kicheko, sentensi ndefu, majina ya watoto, na ile nguvu ya kuinuka aliyoamka nayo.

"Palilia," Generosa alisema papo hapo. "Baba yangu alikufa mara moja. Sikubali afe tena humu ndani, na mahali pake akae fundi cherehani."

Daktari alinigeukia mimi, akaniuliza kama baada ya kupalilia beti zangu zingeweza kumrudisha mama pale alipofika leo.

Acha niseme nilivyo. Mimi, Vitus Nyenza, sikufundishwa mizani na chuo chochote. Nilihesabu silabi kwa vidole nikichunga ng'ombe wa mjomba Ifunda, na nilipokuja kuomba kazi hii niliwashinda watu wenye vyeti, kwa sababu neno lenye kina hushika ubongoni kuliko neno tupu, na vina vyangu havilegei. Kwa Mama Kikoti nilikuwa nimetunga beti nzima nzima za kweli tupu. Nilikuwa nimemwimbia:

*Ni Severini Kikoti, mumeo toka ujana,*
*Alipanda yake miti, mianzi ikashonana,*
*Penzi hakulisaliti, hadi mvi kupendana.*

Alikuwa akinisikiliza kwa upole, kama mtu anayesikiliza mvua. Hakuna kitone kilichoota. Halafu anakuja mzee na kibuyu, hana mizani, hana kina, na kwa saa moja anaotesha shamba zima.

Nilitaka kumjibu daktari kwamba ndiyo, nitamrudisha, palilieni. Neno lilikuwa limefika ulimini. Nikajiuliza kama nilitaka ule ukweli urudi mahali pake au nilitaka tu kile kizee kinyang'anywe ushindi. Jibu nililoliona halikunipendeza.

"Sijui, dokta," nikasema. "Nikisema ndiyo nitakuwa najisifu tu."

*

Kuna jambo tulilijaribu mapema asubuhi ile, bila dawa. Tulimwita Mzee Komba aingie akakane. Aliingia bila kibuyu, akakaa kwenye kiti kama mtu aliye mbele ya padri, akamwambia Mama Kikoti kwamba yeye si mume wake, ulikuwa utani tu.

Mama Kikoti aliuliza, kwa sauti iliyotuumiza wote, amefanya kosa gani hata mumewe anamkana mbele za watu. Mzee alitoka chumbani akifuta macho. Muuguzi aliniambia alimsikia akijisemea koridoni kwamba tangu mkewe alipofariki hakuna mtu aliyewahi kumsubiri kwa hamu hivyo, na kwamba alijiona mwizi.

Jambo hilo ndilo lililonikaa kichwani wakati Dokta Shemweta anaandaa dawa ya kupalilia. Nilikuwa nimesimama dirishani nikitazama ukungu ukipanda kutoka bonde la Ruaha Mdogo, na ghafla nikaona tulichokosea. Mzee alikuwa amemwambia "ulikuwa utani", na neno hilo kwake halikuwa na kitu ndani. Kiharusi kilimnyang'anya Mama Kikoti kumbukumbu ya mume, lakini pia kilimnyang'anya utani wenyewe. Alisahau kwamba kuna watu duniani ambao hukwambia uongo kwa upendo, na kwamba wewe unatakiwa uwarudishie. Kwa mtu anayejua utani, "mimi ni mume wako" si uongo hata kidogo, ni mlango wa mchezo. Hatukuhitaji kumng'oa Mzee Komba. Tulihitaji kumkumbusha namna ya kumjibu.

Nilirudi mbio nikawaeleza. Mpeni mbolea tena, leo, Mzee Komba akiwamo, na ulanzi wake, na mimi nitunge beti.

Dokta Shemweta aliweka chini kichupa cha dawa ya kupalilia, akaipima ile hoja. Alikiri kwamba kumbukumbu ikiitwa hulainika tena kwa muda, kama udongo uliomwagiwa maji, na kwamba ikilainika inaweza kuumbwa upya. Lakini alinionyesha upande wa pili bila kunionea huruma. Ikishindikana, uongo utakuwa umewekewa mbolea mara mbili. Hapo dawa ya kupalilia haitaufikia tena. Mama Kikoti ataishi na kufa akiwa mke wa Komba.

Wote tulimtazama Generosa. Alikuwa ameshika ncha ya khanga yake, anaisokota.

"Asubuhi nilipoingia," alisema, "aliniangalia toka kichwani mpaka miguuni. Akasema, Generosa, umekonda, huyo mume wako anakulisha nini? Vitus, alilitaja jina langu. Tangu aanguke alikuwa ananiita wewe binti." Akaiachia khanga. "Siwezi kumpalilia mtu aliyeniita jina langu. Fanyeni. Lakini nikae mle ndani, na ikiharibika nitakulaumu wewe, si daktari."

Nikakubali kulaumiwa.

*

Mchana jua lilipoukata ukungu, taa ya kijani iliwaka. Tuliingia wote wanne, na Dokta Shemweta kwa mkono wake mwenyewe alikigeuza kile kibao kikatazama ukuta.

Mzee Komba alianza kwa kusitasita, akamwaga ulanzi kidogo kwenye bilauri, akampitishia Mama Kikoti puani. Uso wa mama ukachangamka. "Umerudi, mume wangu," akasema. Kwenye kioo kidogo cha daktari vitone vya jana vikaanza kupepesa. Kumbukumbu ilikuwa imeitwa, imelainika.

Ndipo nikasimama. Nimekwisha kukariri mbele ya maprofesa na sikutetemeka. Mbele ya yule mama niliogopa, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeleta chumbani mle beti za uongo mtupu.

*Mngoni huyu muongo, adai alikuposa,*
*Na mahari yake gongo, mbuzi wake akakosa,*
*Ukaonyesha mgongo, machozi akapangusa,*
*Mjibu huyu muongo, kumtukana si kosa.*

Niliuimba ubeti tena, nikipiga makofi kwenye kina. Generosa akadaka makofi. Mzee Komba, aliyezaliwa kwa kazi hiyo, akaanza kulia kilio cha kuigiza, akijipangusa kwa kofia, akilalamika kwamba Wahehe wote wana roho mbaya, kwamba alileta pombe nzuri wakainywa na binti wakamnyima.

Mama Kikoti hakucheka. Alikunja uso. Alimtazama Komba, akanitazama mimi, akamtazama Komba. Niliona kitu kikipanda polepole ndani ya macho yake, na sikujua kama ni mwanga au ni yale maumivu ya asubuhi. Daktari aliacha kutazama kioo, akamtazama yeye. Nikaimba ubeti mara ya tatu, na nilipofika mstari wa mwisho nikashindwa kuumaliza.

Akaumalizia yeye. "Kumtukana si kosa," alisema, kama anayeonja chakula alichokisahau. Kisha akamnyooshea Mzee Komba kidole.

"Wewe Mngoni. Mimi mke wako? Ulilipa nini?"

Mzee Komba alishusha kofia usoni. Alisema kwa unyonge kwamba alilipa mbuzi.

"Mbuzi gani? Mbuzi wenu mliwaacha njiani mlipokuwa mnatukimbia." Sasa kicheko kilikuwa kinamjia, mabega yake yakitikisika. "Tumbo lote hilo na hujawahi kulipa hata kifaranga. Toka hapa, mwongo mkubwa. Mume wangu hakuwa mnene hivi."

Generosa aliziba mdomo kwa mkono.

Hakuna aliyemdokeza lolote. Mama Kikoti alikuwa anaangalia tumbo la mzee, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. "Lilikubana," akasema. "Lile koti. Lilikubana kwapani."

"Koti gani, Yustina?" Mzee Komba alimwuliza kwa jina lake, na sauti yake haikuwa tena ya mchezo.

"La kahawia. La Severini. Ulilivaa siku tunamzika. Ukapita katikati ya waombolezaji unakohoa kama yeye, unadai chai yake, na mkono wa koti ukachanika, watu wakacheka. Na mimi nikacheka." Akagusa shavu lake lenye machozi. "Nilikuwa silii wala sili tangu alfajiri. Nikacheka kwanza, ndipo nikaweza kulia."

Nilimgeukia Generosa. Alitikisa kichwa: koti halikutajwa na mtu yeyote. Mimi pia sikuwa nimelitia kwenye ubeti wowote, maana sikulijua. Dokta Shemweta aligeuza kioo nione. Kule pembeni, penye weusi, ambako tuliamini kwamba hakuna kitu kilichobaki, uzi mmoja mwembamba wa zamani ulikuwa umewaka na kushikana na vitone vya jana. Ulikuwa hai muda wote. Ulikuwa unangoja kitu cha kuushika.

Beti zangu za kweli hazikuufikia. Nimelikubali hilo, na wala haliniumi nilivyodhani. Tangu siku ile nimeanza kujifunza kutukana kwa vina, na nitakuwa bora kuliko wote.

Mama Kikoti alimlilia mumewe kidogo, na binti yake akalia naye, na kilikuwa kilio cha mahali pake. Alijua nani amekufa. Akaomba ulanzi, daktari akajifanya hakuona. Kisha akamtazama Mzee Komba aliyekuwa amekaa kitini, kofia magotini, akamuuliza mbona amenuna ilhali ameshatukanwa vya kutosha.

Mzee akasema anafikiri tu. Watani wa rika lake wametangulia wote, wa mwisho alikuwa Severini. Siku yake ikifika, wanawe wa Songea watamzika kwa heshima, na hotuba, na maua. Hapatakuwa na mtu wa kumtania. Ataondoka kama mgeni.

Taa ya kijani ilikuwa bado inawaka. Niliiona na daktari aliiona. Kila neno lililosemwa sasa lingeota na kukaa. Mama Kikoti, ambaye jana asubuhi hakulikumbuka hata jina la binti yake, alinyoosha mkono wake ule uliopooza, ukanyanyuka kidogo, wa kutosha kufika kwenye mkono wa mzee.

"Nitakuja mimi, Komba," alisema. "Ukitangulia, nitakuja hata kwa fimbo. Nitalishona lile koti, nitalivaa, nitalala mlangoni pa kaburi lako, na nitawaambia wote kwamba ulijidai mume wangu na hukulipa hata mbuzi. Hawatakufukia mpaka wacheke. Sitasahau."